Vishada Vitano na Krismasi ya Baba

Mwalimu wangu wa fizikia, Mhindi wa Upanga aliyenifundisha tuisheni kwenye meza yake ya chakula, hakupenda watoto wenye haraka ya kujibu. Mimi nilikuwa na haraka. Siku moja alichora galaksi ndogo, hafifu, akaizungushia vishada vitano vya nyota.

"Galaksi hii imejaa maada tusiyoiona," akasema. "Kishada kikipita humo kinavutwa nyuma, kama mtu anayekatiza kwenye umati. Kinapungua mwendo, kinazama katikati. Sasa hivi vitano ni vizee. Mbona havijazama?"

Nilifungua mdomo kujibu, akanizuia kwa kalamu.

"Kwa sababu uzito ule haukurundikana katikati kama tulivyodhani. Umetandaa. Kisichoonekana hukioni hata ukikodoa macho. Tazama kinachoonekana, uone kinakataa kwenda wapi."

Nilirudi Kariakoo kichwa kimevimba. Ilikuwa Desemba, miaka ile serikali ilipoachia biashara huria, na duka la baba, lililowahi kukaa na rafu tupu, lilijaa sabuni na redio hadi mlangoni. Wachaga wote wa mtaa wetu walikuwa wanafunga maduka waende kwao Kilimanjaro kula Krismasi. Baba peke yake hakuwahi kwenda. Kila mwaka alisema analinda duka. Wenzake wote wanavutwa nyumbani, mbona yeye hajazama? Swali la mwalimu nikampachika yeye.

Uani mama alikuwa anafunga mizigo ya safari pamoja na wake wa wenye maduka jirani, wanacheka. Nikaona hapo ndipo pa kuonyesha akili yangu.

"Mama, baba halindi duka," nikasema kwa sauti. "Mlinzi tunaye, na wateja wenyewe Krismasi hakuna. Kama haendi nyumbani, basi kuna kinachomshika hapa. Ana nyumba nyingine."

Sikuwa na ushahidi mwingine wowote, na sikukosea. Nilifurahi, sitaki kudanganya. Niliwatazama wale wanawake nikisubiri wanisifu. Hakuna aliyeinua macho.

Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alimalizia fundo alilokuwa nalo mkononi.

"Mtoto wake wa kwanza kule mnalingana umri," akasema polepole. "Nimejua tangu nakunyonyesha. Hawa ndio walikuwa hawajui."

Kisha akaanza kufungua kamba za mzigo wake. Wenzake walipanda basi bila yeye, mwaka ule na miaka yote iliyofuata. Akiulizwa, alisema analinda duka.