Shangazi Aisalimu Ensaiklopidia

Shangazi yangu alikuja kwangu Makutano na gunia la maparachichi na hasira. Wifi yake wa Gachoka alikuwa amemwaibisha mbele ya kikundi chao cha akina mama: alifungua simu, akasoma habari za Gachoka katika ile ensaiklopidia ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuiandika, kisha akauliza, "Na Kianjokoma iko wapi?" Haikuwako. Shangazi akaapa kwamba kufikia mkutano wa Jumamosi itakuwako. Mimi nimehariri huko miaka mingi, nikadhani kumfundisha ni kazi ya kikombe kimoja cha chai. Jamani!

Nilimwonyesha pa kuandika, nikaenda jikoni. Niliporudi, makala ilikuwa imeanza hivi: "Bwana asifiwe. Mheshimiwa chifu, wachungaji, wazee kwa vijana, itifaki imezingatiwa. Mimi sina mengi." Yakafuata mengi. Kianjokoma yenyewe ilitajwa mwishoni, baada ya shukrani kwa walioleta viti.

"Shangazi, huku watu hawasalimiani."

"Wewe mtoto, utaingia aje kwa watu bila kusalimia? Nani alikulea? Hata ya Gachoka iko na salamu!"

Aliyenilea ni yeye, kwa hiyo nikammiminia chai. Hiyo ya Gachoka wala sikujisumbua kuitazama. Akachapisha. Chai haijapoa, mhariri tusiyemjua akafuta kila kitu, akaeleza kwamba hakuna chanzo. Shangazi akamjibu kwenye ukurasa wa majadiliano, kwanza salamu, kisha kwamba chanzo ni yeye, amezaliwa huko, na mhariri akipita Kianjokoma atapikiwa mukimo ajionee mwenyewe.

Mhariri alishukuru kwa mukimo, akaomba chanzo. Nilicheka mpaka nikaona machozi yanamlengalenga shangazi.

"Jumamosi nitaweka uso wapi?" akauliza.

Nikamwonea huruma, tukaketi. Tulitafuta hadi tukapata ripoti ya kaunti inayotaja soko lao. Nikazifuta salamu, akazirudisha, nikazifuta tena. Kufikia Ijumaa ilibaki sentensi moja: "Kianjokoma ni mji wa soko katika Kaunti ya Embu, eneo la wakulima." Hakuna aliyeigusa.

Jumamosi nilimsindikiza. Alisimama na simu mkononi, akatoa salamu zote zilizofutwa, chifu, wachungaji, hata walioleta viti, ndipo akasoma sentensi yake. Akina mama walipiga makofi mpaka kuku wakatawanyika.

"Ni hiyo tu?" wifi akauliza. "Ya Gachoka ni refu."

"Ni refu, ndio. Chanzo iko wapi?"

Wifi akatazama simu yake, akapandisha, akateremsha. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo kwamba aliiandika mwenyewe, wiki hiyo hiyo ya kujigamba, na sasa haioni tena.

Nilidhani shangazi atashangilia. Badala yake alivuta kiti, akakipigapiga.

"Kuja ukae hapa na mimi," akamwambia. "Tutairudisha. Lakini hiyo Bwana asifiwe ya juu, hiyo lazima tutoe."