Wapagazi Mkononi Mwangu

Naona haya kusimulia, lakini kwa kuwa mtaa wetu mzima wa Kanyenye umeshanicheka, bora mnisikie mwenyewe.

Mafuta ya maandazi yaliniunguza mkono wa kulia, huohuo ninaokandia unga, na vidole viwili vikaanza kujikunja. Hospitalini wakaniambia kuna jeli mpya inajaribiwa, nikitaka niingie, nisipotaka basi. Nesi Rehema akanieleza kwamba ndani yake mna chembe ndogo mno, zimebeba vipande vya protini vya kuiamsha ngozi ijifunge.

"Mama Shani, wewe mtu wa Tabora, fikiria wapagazi wa zamani, waliobeba mizigo ya misafara," akasema. "Ila hawa hawaonekani, wanaingia ndani ya ngozi, wanashusha mzigo taratibu."

Sasa mimi (kichwa changu mnakijua) nikashika mawili tu: hawaonekani, na wanaingia. Mimi najua asiyeonekana akimwingia mtu ni pepo, na aliyeingiwa tunasema kapagawa! Halafu mbona nitie saini, mbona mkono unapigwa picha kila wiki? Nikaitikia "sawa mwanangu", nikapokea tyubu yao, nikafika nyumbani nikaifukia nyuma ya choo, nikapaka asali mbichi ya kule kijijini Goweko na kufunga bandeji vilevile. Wiki tatu hivyo; siku ya picha naosha mkono kwanza, na kila nikiulizwa nasema dawa imenikubali.

Siku moja nikaitwa hospitalini ghafla, wamekuja madaktari wageni; chumba kimejaa wagonjwa, Rehema kwa fahari akafungua bandeji mbele yao. Sisimizi! Wakatoka mstari mzima, wakapanda mkono wa daktari.

"Wapagazi wenyewe hao!" akapayuka mzee mmoja kwenye benchi, ambaye naye Rehema alimweleza hivyohivyo, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Nami badala ya kunyamaza nikafoka, "Ni mapepo yenu hayo, mlinipaka wenyewe!"

Daktari akanusa bandeji. "Mama, hii ni asali."

Rehema peke yake hakucheka. "Ungesema tu hutaki, mama," akaniambia. "Ningekutibu kwa dawa ya kawaida, na vidole tungevinyoosha mapema."

Niliumia kuliko siku ya mafuta. Tangu hapo neno la daktari nisilolielewa nauliza palepale, hata mara kumi, hata foleni ininunie. Vidole vyenyewe havikunyooka tena. Anayekanda unga sasa ni wifi yangu, nami nasimama kando namuuliza kama ametia sukari.