Finjani Aliyoishika Bibi

Kila nikipita mtaa wa Dira jioni, hapa Riyadh, maduka yanapochemsha ile kahawa yao ya manjano yenye iliki, mie husimama. Wanangu washanizoea. Hunambia, "Mama, kaja Bibi tena." Na kweli, huwa kaja.

Nilikuwa bado mdogo. Baba alitupakia garini mie, Mama na Bibi mzaa baba, tukenda umra, kisha tukateremka Jeddah kutembea. Mipango ilikuwa ya Baba: tuone bahari, tuone yale maji yanayoruka juu kama yanataka kugusa mawingu, tule samaki, na asubuhi yalla, turudi Riyadh, maana duka lake halina mtu. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mie nataka Balad tu, kule mji wa zamani. Nataka kunywa kahawa alipokunywa mume wangu."

Babu alikuwa keshafariki, Mungu amrehemu. Habari yake tulikuwa nayo sote kichwani: vipi alishuka Jeddah peke yake baada ya mapinduzi ya kwetu visiwani, hana ndugu hana kitu, na kila jioni akakaa kwenye mkahawa chini ya nyumba yenye madirisha ya kijani. Zaidi ya hapo mwenyewe hakusema.

Nyumba tuliipata, rangi imebanduka. Chini yake mabenchi marefu ya mbao, kanzu tupu, moshi wa shisha, na mwanamke hata wa dawa hamna. Baba akasema, "Haya Mama, umeshapaona. Nitakuletea kahawa garini."

Bibi akakusanya buibui lake, akenda akakaa benchi la mwisho, raha mustarehe, kama yuko barazani kwao Mkunazini.

Wanaume wakageuka. Baba jasho linamtoka. "Mama, hapa hawakai wanawake."

"Mie nimekaa."

"Watu wanatutazama!"

"Na watazame. Wataona nini, makunyanzi?"

Mama alijiziba mdomo kwa mtandio, mabega yanamcheza kwa kicheko.

Akaja mwenye mkahawa, mzee wa kilemba cha manjano. Akasema kwa adabu, "Ya Hajja, kaa garini, kahawa itakufuata."

Bibi akamjibu kwa Kiarabu chake cha kukatakata, "Mume wangu hakuwa na gari. Yake alinywea hapa."

 Mzee akaliburura lile benchi, na Bibi yuko juu yake, akaligeuza lielekee ukutani, wanaume wawe mgongoni. Akaleta dele la kahawa, akammiminia.

Sasa huku, ukitosheka unaitikisa finjani. Usipoitikisa, mwenye dele haondoki, anatia tu. Bibi akiijua sana dasturi hii, ndiye aliyenifunza. Siku ile akasema bismillahi, akanywa, akaishika finjani kimya. Mzee akatia. Akanywa, akaishika. Mzee akatia tena.

"Tikisa, Mama, twende zetu," Baba akimwomba. "Usiku huu hutalala!"

"Nimekuja kulala mie?"

Mwisho mzee akauliza mumewe alikuwa nani. Bibi akamwambia: Mswahili mrefu, mpole, aliyekuja na meli. Mzee akatikisa kichwa. "Walikuwa wengi, Hajja. Wakikaa hapa mpaka tunafunga. Marehemu baba yangu akinambia, hawa usiwaulize kitu. Watilie tu."

 Bibi akaitazama ile finjani, midomo inachezacheza kwa dua. Ndipo akaitikisa. Akainuka, akamwambia Baba, "Halas, basi. Sasa nionyeshe hayo maji yako yanayoruka."

Wakati ule nilidhani Bibi ana uchu wa kahawa na kichwa kigumu. Nimekuja kufahamu mtu mzima. Babu maskini, maadamu hajaitikisa finjani, alikuwa mgeni wa mtu. Akishaitikisa tu, ni mtu asiye na pa kwenda. Bibi alikaa miaka yote ile hajui kama mumewe alifukuzwa au alikirimiwa, na asingerudi Riyadh bila ya kujua.

Juzi nimempeleka binti yangu Balad, kwenye mkahawa uleule. Siku hizi wanawake wanakaa nje, na anayemimina ni msichana. Binti yangu akanywa moja, akatikisa, akashika simu yake. "Yako, Mama? Tikisa twende."

Nikaishika kimya. Msichana akanitilia.