Zamu ya Kaka

Mamlaka ya maji ilikuwa na wateja wengi, mabomba yanayovuja mengi zaidi, na mtu mmoja tu wa kuwaandikia watu kwamba kesho hakuna maji. Ofisini walimwita Mama Taarifa. Hakuwa na mtoto, lakini ukiwapelekea watu habari mbaya kwa adabu kila wiki, umama watakupa tu.

Programu aliyoiandika mwenyewe ilichukua tangazo moja, ikaweka jina la kila mteja mahali pake, kisha ikazikabidhi barua pepe hizo kwa huduma ya mtandaoni, kampuni ya mbali ambayo pale ofisini hakuna aliyewahi kuona hata mlango wake. Huduma ilizipeleka na kurudisha ripoti: hii imefika, hii imefunguliwa, hii imerudi kwa sababu anwani haipo.

Alipokuwa mgeni kazini aliwahi kuutumia mji mzima tangazo linaloanza "Ndugu JINA LA MTEJA". Walimcheka mpaka sokoni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, naye tangu hapo akaweka geti ndani ya programu: barua ya kwanza inakwenda peke yake kwa kaka yake, zilizobaki zinasubiri mpaka kaka ajibu. Alimchagua kwa sababu kaka alikuwa mlinzi wa geti kiwandani, mtu asiyeacha salamu bila jibu. Na jibu lake halikubadilika miaka yote: "Imefika. Endelea." Likiingia hilo, programu inafungua geti yenyewe na mji mzima unapata habari.

Kaka akaugua, akafa.

Siku Mama Taarifa aliporudi kazini baada ya mazishi, bomba kubwa lilikuwa limepasuka na bosi alitaka tangazo litoke upesi. Akabonyeza kwa mazoea, mkono ukatangulia akili. Alipokumbuka, barua ya kwanza ilikuwa imeshaondoka. Akaanza kutafuta kwenye programu mstari wenye anwani ya kaka ili aubadilishe. Kabla hajaufikia, jibu likaingia: "Imefika. Endelea." Barua zote zikatoka.

Mwenzake wa meza ya pili, ambaye hakuna jambo la dunia asilo na maelezo yake, alisema ni jibu la mashine, marehemu alilitega zamani kwa uvivu wa kuandika. Mama Taarifa alitaka sana kuamini. Lakini jibu la mashine huja papo hapo, na hili lilikawia kidogo, kiasi cha mtu kupapasa miwani yake mezani, kama kaka alivyokuwa akifanya. Aliogopa, na alifurahi, na akaona aibu kwa kufurahi. Mstari ule hakuutafuta tena. Kila tangazo alikaa mbele ya kioo cha kompyuta akisubiri.

Mchana mmoja wifi yake, mjane wa kaka, alimfuata ofisini. Hakutaka chai wala maji. Aliuliza tu kama jana kulikuwa na tangazo. Akaambiwa ndiyo, lilikuwapo.

"Simu yake iko kabatini, wifi, chini ya sare zake," alisema. "Betri niliitoa mwenyewe, ilikuwa imevimba. Lakini ukituma hayo matangazo yako, inatetemeka. Nimeishika kwa mkono wangu."

Mama Taarifa aliuliza labda ni kitu kingine mle kabatini. Wifi akatikisa kichwa. Akaeleza kwamba simu ikishatetemeka, kitanda hulia upande wa mumewe, kama mtu anayejiinua kabla usingizi haujamwisha. Halafu kinalia tena, anaporudi kulala.

"Tangu tumzike hajapumzika, na wewe ndiye unayemwamsha. Mwambie zamu imekwisha. Usidhani mimi simtaki. Namtaka sana. Lakini alichoka."

Mama Taarifa aliahidi. Wifi alipofika nyumbani akampigia kumwambia yuko tayari, ameketi kando ya kabati. Hapo Mama Taarifa akaandika barua isiyo ya maji: "Kaka, zamu yako imekwisha. Geti nimelishika mimi. Usijibu, lala." Akatuma. Ripoti ikasema imefika. Baada ya kitambo, ikasema imefunguliwa. Akangoja, mikono mapajani, akiomba jibu lisije na huku akilitamani. Halikuja. Wifi akapiga simu tena, akasema imetetemeka mara moja tu, na kitanda kimekaa kimya. Mama Taarifa akaweka anwani yake mwenyewe pale penye anwani ya kaka.

Ingekuwa heri aishie hapo. Lakini ahadi ni rahisi mdomoni. Tangazo lililofuata lilipoandaliwa, barua ya kwanza ikaja kwake, ikasubiri neno lake, naye akajiona mpweke kama aliyeachiwa nyumba tupu. Akaandika neno moja kwenda anwani ya zamani: "Kaka?" Akajiapiza hatabonyeza. Akabonyeza.

Ripoti ilirudi mara moja: haikufika, anwani haipo.

Alimpigia wifi, akamuuliza kama amemfungia marehemu barua pepe yake. Wifi akasema hajui hata pa kuanzia. Na huduma, kama ilivyo kawaida yake, ilikuwa imeshaiweka anwani ile kati ya zile zisizotumiwa kitu tena. Mazishini Mama Taarifa hakutoa chozi, watu wakamsifu kwa moyo mgumu. Sasa alilaza kichwa mezani akalia kwa sauti. Mwenzake wa meza ya pili alikosa maelezo kwa mara ya kwanza, akainuka akafunga mlango.

Bosi alikuwa akiuliza tangazo limekwama wapi. Barua ya kwanza ilikuwa bado inasubiri. Mama Taarifa alipapasa mezani mpaka akaipata miwani yake, akaifuta, akaivaa, akaandika: "Imefika. Endelea."