Gauni la Skuli Ndani ya Maskati

Tulikuwa wanne siku ile: mama yangu; mdogo wangu wa kike, tumbo moja baba mmoja; ami, ambaye kwa hakika ni mtoto wa ami yake baba, naye ndiye aliyetupokea; na mie, dada mtu. Baba hakuwepo, alibaki Unguja. Majina ya wote nnayo, hata la punda wa jirani nnalo, lakini wenyewe hawapendi yaandikwe, basi nayaacha.

Mwaka nadhani ulikuwa sitini na tano. Tulifikia kwa ami, nje ya ukuta wa mji, nyumba ya makuti ya mtende. Mie skuli niliiacha darasa la pili, sikuipenda wala yenyewe haikunipenda. Msomi alikuwa mdogo wangu. Tumeondoka kwetu yuko darasa la sita, na mama aliapa kuwa huyu atamaliza, hata ikiwa juu ya jabali.

Asubuhi moja ami akasema, "Shemegi, leo ntakutembezeni mjini. Mutaona soko, mutaona na skuli."

Mama kusikia skuli, mara kapasha pasi ya makaa. Akalinyoosha gauni la skuli la mdogo wangu, jeupe, na mtandio wake, kama tufanyavyo kwetu siku ya kufungua skuli. Ami aliondoka Unguja kijana, hakulijua gauni lile. Alimtazama tu, akasema, "Mashallah, kapendeza." Yeye anadhani tumejipamba kwa matembezi, sisi tunadhani tunakwenda kumuandikisha mtoto. Mwenyeji kaona haya kuuliza, na mgeni kaona haya kuuliza.

Tukaingia langoni. Jua la Maskati halipigi juu tu. Majabali nayo yanakurudishia. Vichochoro vyembamba, akipita punda na mzigo wake nyote mnajibana ukutani. Sokoni harufu ya papa mkavu na ndimu zilizokaushwa. Wanawake wote wamevaa nguo za rangi, na mdogo wangu katikati yao mweupe pe, anakwenda wima kama yuko kwenye mstari wa asubuhi. Watu wakageuka. Bibi mmoja akamshika mkono wa gauni, akajifunua kope kwa kidole, akimsemesha Kiarabu.

"Anataka nini?" mama akauliza.

"Dawa ya jicho," ami akajibu huku anacheka. "Anadhani huyu ni wa hospitali."

"Mwambie mie n'najua hesabu tu," mdogo wangu akasema.

Tulicheka sote, hata mama. Ndicho kicheko cha siku ile, hakukuwa na chengine.

Kufika skuli, mlinzi mzee amekaa kwenye mkeka kivulini. Mama akamsukuma mdogo wangu mbele kidogo, akamrekebisha mtandio. Ami akazungumza na mzee, mara akageuka anachezea kilemba chake.

"Anauliza huyu binti kaja kumchukua ndugu yake?"

"Kaja kusoma," mama akasema. "Mwambie yuko darasa la sita."

Ami akasema taratibu, "Shemegi, hapa wanasoma wanaume tu."

"Na ya wanawake iko wapi?"

"Hakuna."

"Hakuna hapa, au hakuna?"

"Hakuna, shemegi. Wallahi nilidhani munataka kuiona tu."

Mama akasema, "Basi tuione. Tumeshakuja."

Tukaizunguka kwa nje. Miguu inaniuma, nna kiu, na hakuna aliyethubutu kusema turudi. Mdogo wangu alitangulia, kiganja chake kinapita ukutani. Ndani watoto walikuwa wakiitikia somo kwa pamoja. Dirisha lilikuwa juu, haoni kitu. Alipunguza mwendo tu. Ami alijitia kutuonesha ngome kule juu. Hakuna aliyeitazama.

Tulipotokea tena mbele, mdogo wangu akauliza, "Mama, sasa kesho n'amke nifanye nini?"

Mama akajibu, "Utamsaidia dadaako maji."

Kesho yake tukaenda kisimani, mie na yeye. Ndoo ilimshinda, maji yalimmwagikia kifuani mpaka tunafika. Sikumcheka. Wakati skuli za wasichana zinafunguliwa, sabini na baada yake, yeye ana mtoto kiunoni na mwengine tumboni.

Yuko hai, na kwa hili hatupatani. Yeye anasema mama alimwambia mzee wa mlangoni, kwa kinywa cha ami, "Mwaka ujao tutarudi." Mie nilikuwa ubavuni mwa mama na sikusikia neno hilo. Nilimuona kafunga buibui lake akaondoka. Mama hayuko tena, ami keshatangulia mbele ya haki, na yule mzee pia, lakini hao wawili wana watoto, na wazee wale walikuwa watu wa kusimulia. Nyie watoto wao, ikiwa muliambiwa kuwa mama alilisema, niambieni nilifute hili nililoandika. Ningependa iwe mie ndiye niliyesahau.