Mawese Kwenye Rimu

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na tisa. Hapana, ni kumi, mwaka ambao mvua haikutupa nafasi huku Bugarama. Baranyikwa na mdogo wake, Sinzinkayo, walipokezana baiskeli moja kushushia ndizi Bujumbura. Mvua ikalamba grisi yote, mnyororo ukashika kutu.

"Kaka, baiskeli yako inapiga kelele kumshinda shemeji," Sinzinkayo alisema wakila maharage.

"Ipake mawese inyamaze. Nawe unyamaze," Baranyikwa akajibu, na mkewe, Mama Ciza, akacheka.

Sinzinkayo akapaka kila chuma, hadi rimu zenyewe, pale mipira ya breki inaposhika. Asubuhi akateremka mlima na mikungu mitano, mvua ikinyesha. Kwenye kona ya kwanza breki ziliteleza tu, na hata kandambili aliyoikandamiza kwenye tairi haikumsaidia.

Walimtoa bondeni amekwisha kufa. Rimu ziling'aa, hazina hata doa la kutu.

Tangu hapo Baranyikwa humuuliza mkewe swali lile lile, naye huinamia maharage anayochambua:

"Mama Ciza, nilimwambia asiguse rimu, au sikumwambia?"