Mstari wa Babu Katika Daftari la Kodi

Baba alikwenda vitani na mgambo wa kijiji, hakurudi. Mama naye alifariki kabla ya mavuno. Nilikuwa darasa la sita. Niliacha shule nikabaki na wadogo zangu wanne na kibanja cha migomba kilimani, mwendo wa asubuhi moja kutoka Rulenge. Sisi tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, kando ya barabara, lakini migomba haihami. Kila siku tulirudi kuipalilia.

Matanga hayajaisha, nikamkuta yule tuliyemwita baba mkubwa akipanda mihogo katikati ya migomba yetu.

"Shikamoo, baba mkubwa. Unampandia nani?"

"Marahaba. Ukoo. Baba yako alikuwa mdogo wangu, nimebaki mimi. Wewe utaolewa. Utakibeba kibanja kichwani?"

Wenzake wakacheka. Akanionyesha stakabadhi ya kodi ya kichwa ya enzi za Mwingereza: jina la babu yangu, chini ya jina la baba yake yeye kama mwenye nyumba.

"Soma, si umesoma?"

Nilisoma. Mama aliwahi kuniambia, mara moja tu, kwamba babu alikuja kama mgeni. Kwetu mgeni aliyetaka ardhi alipeleka mtungi wa pombe ya ndizi kwa mwenyeji, akaonyeshwa mahali, na karani wa kodi alipopita akaandikwa kama mtu wa nyumba ile. Babu aliona ni heshima. Mpaka leo namkasirikia.

Nilikwenda wilayani Ngara mara tatu kutafuta daftari la kodi lenyewe. Mara mbili karani alinifukuza. Ya tatu nilikaa mlangoni na kitindamimba mgongoni, mpaka karani akachoka kuturuka. Akanitolea madaftari yaliyoliwa na mchwa.

Miaka mitatu babu yumo chini ya mwenyeji. Wa nne ameandikwa peke yake: nyumba yake, migomba yake. Mwisho wa mstari: "Mgeni, ametoka Urundi."

Karani akavua miwani. "Binti, nikikunakilia hivi, huna ukoo tena hapa. Na tangu vita, mgeni ni mtu wa kuhojiwa. Niliruke hilo neno la mwisho?"

"Andika lote. Ukiliruka, atakuja kulisoma mwenyewe, nami nitaitwa mwongo."

Kwenye kamati ya kijiji nilisoma mstari wote kwa sauti.

"Kumbe nimelea Warundi!" akapiga kelele yule mzee.

"Kama sisi ni Warundi, baba hakuwa mdogo wako. Chagua moja."

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akagonga mhuri: kibanja ni chetu. Kisha, bila hata kuniangalia, akaagiza mimi na wadogo zangu tuandikwe katika orodha ya wageni, tuwe tunaripoti ofisini kila mwezi. Baba yetu alikuwa ameifia nchi hiyohiyo. Hakuna aliyelisema hilo kwenye kikao. Nililisema mimi, nikaambiwa nikae.

Kesho yake tuling'oa mihogo yote ya yule mzee, hata iliyoanza kutia mizizi, tukaitupa upande wake wa mpaka. Mdogo wangu wa pili aliuliza kwa nini tusiiache ikue, tule.

Nikamwambia ang'oe.